Mkutubi Naye Amuulize Nani?

Kuna kazi ambazo ukizifanya unalipwa kuulizwa maswali. Konda anaulizwa nauli. Askari wa mlangoni Huduma Centre anaulizwa foleni ya kitambulisho ni gani. Lakini sijaona mtu anayeulizwa mambo mengi kama mkutubi. Keti karibu na kaunta ya maktaba ya umma Jumamosi moja tu, utanielewa. Nguu za Jadi iko? Choo kiko upande gani? Paswadi ya waifai imebadilishwa? Nisaidie kujaza fomu ya HELB. Mtoto ameambiwa apeleke picha za aina za udongo kesho asubuhi, nizitoe wapi? Kuna kitabu niliona hapa mwaka juzi, kava yake ni ya bluu, jina nimesahau.

Na anajibu yote, hata lile la kava ya bluu.

Swali langu leo ni dogo. Yeye naye akikwama, amuulize nani?

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Daktari akikwama anamwita mwenzake wa wodi ya pili. Mwalimu ana chumba cha walimu, akitoka darasani amechanganyikiwa kuna mtu wa kumwambia "hata mimi hiyo mada ilinisumbua." Mkutubi wa tawi dogo yuko na msaidizi mmoja, mlinzi, na labda mama wa usafi. Mkutubi mwenzake wa karibu yuko mji mwingine, matatu mbili na boda moja. Anayemjua kazi yake vizuri hayuko kwa jengo hilo. Kwa hivyo kila mmoja anagundua mambo yale yale peke yake, anakosea makosa yale yale peke yake, na akistaafu anaenda nayo nyumbani.

Najua haya kwa sababu kwa karibu miaka miwili nimekuwa nikiwakusanyia wakutubi ushauri wao kwa wao. Mimi si mkutubi. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma, na siku hizi natengeneza video. Nyumbani ni chumba kimoja na ndugu zangu watatu, kwa hivyo ofisi yangu ni maktaba ya mtaa. Kuna meza, kuna soketi, kuna kimya. Sisemi haya unihurumie, nasema ujue kwa nini mtu wa video yuko maktaba kuliko wanafunzi wenyewe.

Mkutubi wa pale, tunamwita Madam, ameifanya hiyo kazi zaidi ya miaka 30. Siku moja alikuwa kwa simu na mwenzake wa kaunti ya mbali, anamweleza jinsi ya kurudisha uti wa kitabu uliobanduka. Nilimsikia akieleza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akakata simu, akanitazama.

"Kijana, hiyo simu yako ya kupiga video inaweza kunifanyia kazi moja?"

"Inaweza, Madam."

Tulipiga video ya dakika nne. Gundi nyeupe ya mbao, ile ikikauka bado inapindika, si superglue inayokauka kama kioo na kuvunja karatasi. Unaipaka kidogo sana na kijiti cha mishikaki. Unafunga kitabu kwa mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa, unakilaza chini ya vitabu vizito usiku kucha. Na selotepu usiiguse kabisa, kwa sababu baada ya miaka michache inakuwa ya manjano, inaacha doa, na ukiibandua inatoka na maandishi.

Video ikatumwa kwa yule mwenzake. Yeye akamtumia mwingine. Wiki haikuisha, Madam akaanza kupigiwa simu na wakutubi asiowajua, na hawakuwa wanauliza habari ya gundi tena. Mmoja ana mchwa. Mwingine ana watoto wa shule 60 wanaoingia kwa mkupuo saa kumi. Mwingine ana mzee anayekuja kila siku kusoma gazeti na hataki kuliachilia.

Hapo ndipo kazi ilianza. Jumatatu tunatuma swali moja. Wenye majibu wananitumia ujumbe wa sauti, Kiswahili kikichanganyika na Kiingereza, Kikuyu, Dholuo, chochote kilichomjia mdomoni. Mimi nayaandika kwa Kiswahili cha kueleweka, ukurasa mmoja, nyuma na mbele. Madam anasoma, anakata, anaongeza. Alhamisi inatoka. Wanaichapisha na kuibandika nyuma ya kaunta, mahali msomaji haoni. Sasa tuko maktaba kama 20, za kaunti, za shule za upili na za vyuo vidogo vya kiufundi.

Tuna kanuni tatu. Ya kwanza, jibu unalotoa uwe umelifanya mwenyewe. "Nilisoma mahali" haiingii. Ya pili, useme lilikugharimu nini, iwe ni pesa, muda au maneno kutoka kwa mkubwa wako. Ya tatu, majibu yakipingana, yote yanaingia.

Majina hatuweki. Mfanyakazi wa serikali akisema paa la maktaba yake linavuja, kesho anaweza kuulizwa ni nani alimruhusu kuongea. Lakini tunaweka ukubwa wa maktaba na miaka ya mtu kazini, ndio msomaji ajue anashauriwa na nani. Ushauri wa mtu mwenye wafanyakazi 10 na jenereta hauwezi kukaa sawa na wa mtu aliye peke yake na ndoo.

Wacha nikupe mifano, ndio usidhani tunaandikiana salamu.

Mvua ilipita kwenye paa la maktaba moja, ikalowesha rafu mbili za vitabu vya watoto. Ujumbe uliingia kabla ya saa moja asubuhi, sauti ya mtu anayejikaza asilie. Hiyo wiki hatukungoja Alhamisi. Jibu la kwanza lilitoka Pwani, kutoka kwa mtu anayeishi na unyevu kila siku ya Mungu. Usianike juani, alisema, karatasi zitajikunja na kava zitapinda kama chapati. Weka kivulini penye upepo, simamisha kitabu kikiwa wazi kama feni. Chomeka karatasi nyeupe katikati ya kurasa, ubadilishe kila zikilowa. Usitumie gazeti, wino utahamia. Anza na vile vya picha vyenye karatasi ya kung'aa, kwa sababu hivyo vikikauka vikiwa vimefungwa vinashikana na hutavifungua tena maishani. Na ufanye leo, maana kuvu inaweza kuanza ndani ya siku mbili.

Jibu la pili lilitoka upande wa ziwa. Huyu alikuwa amewahi kulowa vibaya zaidi, vitabu vingi kuliko mikono. Akavifunga kwa mifuko ya plastiki na kumwomba jirani anayeuza samaki ampe nafasi kwa friza. Barafu inasimamisha kuvu, unapata muda wa kuvitoa vichache vichache na kuvikausha. Gharama: soda mbili za mwenye friza. "Vilinuka samaki kidogo," alisema, "lakini vilipona."

 Miongozo inakwambia uhifadhi vitabu mahali penye joto na unyevu unaofaa. Asante sana. Ukiuliza akili mnemba, nilijaribu, inakwambia ununue mashine ya kuondoa unyevu hewani. Si kwamba ni uongo. Ni jibu la maktaba nyingine, ile yenye bajeti ya hiyo mashine.

Mfano wa pili ni wa vitabu vilivyokufa. Kila maktaba inavyo. Ramani ambazo Kongo bado inaitwa Zaire, jina lililoondoka mwaka wa 1997. Atlasi ambazo Sudan bado ni moja, ilhali Sudan Kusini ilipata uhuru mwaka wa 2011. Miongozo ya Windows 95. Vingine vilikuja kwa maboksi ya msaada kutoka ng'ambo, na mtu akaogopa kusema hapana kwa mgeni. Vinajaza rafu, msomaji anapita anadhani maktaba yote iko hivyo, harudi.

Kwa nini visitolewe? Kwa sababu kitabu cha maktaba ya umma ni mali ya umma. Kuna sheria ya mwaka wa 2015 ya ununuzi na uuzaji wa mali ya serikali, na mali ya serikali haitupwi hivi hivi, hata ikiwa ni mwongozo wa Windows 95. Mkutubi anaogopa mkaguzi wa hesabu kuliko mchwa.

Tulipouliza, majibu mawili yaligongana vibaya. Mmoja, miaka 12 kazini, alisema: toa polepole, vitano vitano, hakuna atakayejua. Mwingine, miaka 20 na kitu, alitoa sauti nzima ya dakika saba na mwanzo wake ulikuwa "usithubutu." Akaeleza alivyofanya. Andika orodha ya vitabu na sababu ya kila kimoja: kimepitwa na wakati, kimeharibika, nakala ni nyingi. Mwandikie mkubwa wako barua uombe kamati ya kuondoa mali ikae. Kamati inaweza kuchukua mwaka mzima kukaa. Huku ukingoja, toa vitabu kwenye rafu uvipange kwenye maboksi yenye alama, uandike kwenye rejista viko wapi. Kuondoa kwenye rafu si kuondoa kwenye rejista. Rafu imepumua, mali ya serikali iko salama, nawe unalala.

Tuliweka majibu yote mawili, la pili chini ya la kwanza. Yule wa vitano vitano alinipigia wiki iliyofuata. Nilidhani analalamika. Alikuwa anaomba nakala ya ile barua.

Mfano wa tatu nusura uvunje urafiki. Maktaba nyingi hapa zinapanga vitabu kwa mfumo wa Melvil Dewey, Mmarekani aliyeutoa mwaka wa 1876. Kila somo lina namba. Shida ni kwamba Dewey alipanga dunia akiwa amesimama kwao. Ukifika kwenye dini, 200, Ukristo umechukua karibu nafasi yote, na dini za Kiafrika zote zimebanwa huko mwisho kwenye 299.6. Fasihi ya Kiswahili iko 896.392. Sasa mwanafunzi wa Kidato cha 4 anayetafuta Bembea ya Maisha wiki mbili kabla ya mtihani, utamwambia aende akatafute 896.392?

Swali lilikuwa: vitabu vya kutahiniwa niviache kwa namba yao au nivitenge?

Mzee mmoja, miaka 25 kazini, alikasirika kabisa. Namba ni namba, alisema. Ukianza kutenga hivi leo, kesho utatenga vya mapishi, kesho kutwa maktaba ni duka la mitumba. Mwanafunzi afundishwe kutafuta, kwani akienda chuo kikuu nani atamtengea? Dada mmoja wa maktaba ya shule akamjibu kwamba yeye ana dakika 40 za mapumziko na watoto 200, na hao watoto wanataka kitabu, hawataki somo la Dewey. Yeye anatenga rafu moja karibu na kaunta na kubandika utepe mwekundu kwenye uti wa kitabu. Namba haiguswi. Orodha ya vitabu ikibadilishwa, anatoa utepe na kitabu kinarudi kwao.

Madam alisoma yote mawili akacheka, akaniambia nitafute habari za Ranganathan. Nilitafuta. S. R. Ranganathan alikuwa mwalimu wa hisabati India aliyefanywa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras mwaka wa 1924. Mwaka wa 1931 alitoa kitabu chenye sheria tano ambazo wakutubi hujifunza hadi leo. Vitabu ni vya kutumiwa. Kila msomaji apate kitabu chake. Kila kitabu kipate msomaji wake. Okoa muda wa msomaji. Na maktaba ni kitu kinachokua.

Dada wa utepe mwekundu alikuwa anatetea sheria ya nne bila kuitaja. Yule mzee naye hakuwa mbali, maana bila mpango kitabu hakipati msomaji wake. Mwaka huo huo wa 1931, hapa Nairobi, McMillan Memorial ilifunguliwa, ile yenye simba wawili wa mawe mlangoni, na ilikuwa ya Wazungu peke yao. Yaani huku mtu mmoja anaandika kila msomaji apate kitabu chake, na huku msomaji Mwafrika haruhusiwi kupanda zile ngazi. Nilipoona hizo tarehe zimelingana nilikaa nazo siku nzima. Maktaba huanzia pale wanapoamua nani aingie, na kitabu kinakuja baadaye.

Hilo linanileta kwa swali lililonigusa mimi mwenyewe.

Jumatatu moja lilikuja kutoka maktaba ya mji wa kati, mkutubi wa miaka sita. Alisema: "Nina vijana wanakuja kila siku, wanachomeka simu na laptopu, wanakaa hadi jioni. Hawagusi kitabu hata kimoja. Wengine walishaacha shule. Wamechukua meza za wanafunzi na bili ya stima inapanda. Nifanye nini nao?"

Mimi ndiye nilikuwa wa kuandika majibu. Nilikuwa nimekaa mezani, simu imechomekwa, sina kitabu mbele yangu.

Majibu yalikuja mengi kuliko wiki yoyote. Mmoja alisema ziba soketi, zote, acha mbili za wafanyakazi. Alifanya hivyo, gharama ilikuwa fundi na nusu siku, na kweli meza zilirudi kwa wanafunzi. Mwingine alitenga meza moja ndefu ukutani penye soketi, akaandika "meza ya mashine," nyingine zote zikabaki za kusoma. Msimu wa mitihani, meza ya mashine inapunguzwa saa. Mwingine aliweka daftari: kila anayechomeka anaandika jina na kile anachofanya. Alidhani watakimbia. Badala yake akagundua mmoja anafanya kazi ya kunakili sauti kwa wateja wa nje, mwingine anaomba kazi, mwingine anajifundisha kuprogramu. Akawaomba Jumamosi wawafundishe watoto kompyuta saa mbili. Wanne walikubali, wawili wakadumu. Na wa mwisho alisema maneno machache tu: "Hesabu vichwa, si vitabu vilivyoazimwa. Hao wakitoka hapo watakaa wapi?"

Ningeweza kulificha lile la kuziba soketi. Hakuna ambaye angejua. Lakini niliwaza hivi. Aliyeziba soketi ana maktaba ya meza nane, na asubuhi wanafunzi wa Kidato cha 4 wanakaa sakafuni. Yeye haongei kwa chuki, anaongea kwa hesabu ya viti. Nikiondoa jibu lake, nimewanyima wenye meza nane jibu la mtu wa meza nane, na nimeigeuza karatasi yao iwe ya kunitetea mimi. Nikaliweka la kwanza kabisa, na gharama yake: fundi, nusu siku, na kijana mmoja ambaye aliacha kuja na mkutubi bado anajiuliza alienda wapi. Hiyo ya mwisho aliisema mwenyewe, kwa hiari yake.

Kama maoni yangu yanahesabika, mimi ni wa meza ya mashine. Maktaba ya umma ni moja ya milango michache iliyobaki kwa kijana wa mtaa ambapo hakuna mtu anakuuliza unasoma wapi. Chuo kitataka karo, mkahawa utataka ununue chai kila saa, ofisi itataka barua. Lakini naamini pia kwamba sina haki ya kumwamulia mtu aliye nyuma ya kaunta nisiyoisimamia. Ninachoweza ni kuhakikisha anapoamua, ameona waliotangulia walifanya nini na waliumia wapi.

Huo ndio ushauri ninaouamini siku hizi. Mtandaoni tumezoea ushauri wa mtu mmoja aliyefaulu, amesimama kando ya gari. Fanya hivi, utakuwa kama mimi. Ushauri wa hawa wakutubi haufanani hivyo. Ni watu wa daraja moja, kila mmoja na kipande chake, na hakuna anayejua yote. Anayeuliza wiki hii ndiye anayejibu wiki ijayo. Yule aliyelia kwa sababu ya vitabu vilivyolowa, miezi mitatu baadaye alimshauri mwingine kuhusu mchwa: rafu ziwe za chuma, zisishikane na ukuta, rafu ya chini isiguse sakafu, na kila Ijumaa upitishe tochi nyuma yake.

Sasa nije kwa kinachonisumbua. Madam anafika miaka 60 mwaka huu, na serikalini hiyo ni kustaafu. Tangu katiba ya 2010, maktaba za umma ziliwekwa chini ya kaunti. Ukisoma Jedwali la Nne, utazikuta kwenye orodha moja na kamari, leseni za pombe na sinema. Sisemi kaunti haziwezi. Lakini kwenye orodha ndefu hivyo, mkutubi akistaafu si jambo la dharura kwa mtu yeyote. Barabara ikikatika watu wataandamana. Mkutubi akiondoka, kaunta inabaki na mlinzi, mlinzi anafanya anachoweza, na baada ya miaka miwili hakuna anayekumbuka kwamba kulikuwa na mtu anayejua kitabu cha kava ya bluu.

Kwa hivyo miezi hii tunakimbizana na saa. Kila Jumatano jioni namuuliza Madam swali moja ambalo hakuna mtu amewahi kumuuliza. Unajuaje mtoto amekuja kwa sababu nyumbani hakuna mtu? Unamwambiaje msomaji mlevi aondoke bila kumwaibisha? Kitabu kinachoibiwa kila mara, unanunua kingine au unakifungia? (Ananunua. Anasema kitabu kinachoibiwa sana ndicho mtaa unakitaka.) Tumefika kurasa 40. Anayemfuata akija, atazikuta kaunta. Asipokuja, wenzake 20 tayari wanazo.

Na kuna mambo ambayo hayahitaji bajeti kubwa. Kaunti ikimpa kila mkutubi siku moja kwa mwezi ya kwenda kukaa kwenye maktaba ya mwenzake, na nauli, na hiyo siku ihesabiwe kazi, basi nusu ya maswali yetu ya Jumatatu yataisha yenyewe. Vyuo vinavyofundisha ukutubi vikileta wanafunzi wa nyanjani, wasiwape kazi ya kupanga gazeti tu. Wawape kalamu waandike anachojua yule mwenyeji wao kabla hajaondoka. Mimi nafanya bila cheti. Mwenye cheti atafanya vizuri zaidi.

Wewe nawe, kama maktaba ya mtaa wako bado iko wazi, nenda. Ukimaliza kuuliza paswadi ya waifai, mwulize yule aliye nyuma ya kaunta kitu kimoja: wiki hii, ni nini kimekushinda? Pengine unajua kuunganisha nyaya za stima, au mama yako anashona na ana vitambaa vya kufunikia vitabu, au una friza. Na kama huna chochote, msikilize tu hadi amalize. Amekusikiliza wewe miaka yote hiyo.